Kwa Nini Hakusogea

12 Januari

Mdogo wangu, Mkate Moto,

Naanza na salamu kwa sababu mama amekaa hapa pembeni na ameniambia nisianze na ugomvi. Haya, hujambo? Sisi wazima. Goti la mama limepoa, anatembea hadi kwa jirani na kurudi akilalamika njia nzima. Mpwa wako amengʼoka meno ya mbele, siku hizi anacheka ovyo mradi tu watu walione pengo. Mume wangu anakusalimu na anauliza kama bado unakula kama kiwavi.

Sasa ugomvi. Hivi kweli, mtu mzima na akili zake anamwambia dada yake amwandikie barua? Nimekupigia simu mpaka nimechoka, haipokelewi. Mara naletewa ujumbe kutoka simu ya jirani yako fundi saa: “Simu mbovu, niandikieni.” Simu mbovu si inatengenezwa? Na huyo jirani yako si fundi? Najua, fundi saa si fundi simu, lakini hata kuuliza!

Mama haoni tena herufi, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Andika vizuri basi, usije ukamtia presha.

Neno lenyewe ni hili. Kwenye shule yetu ya udereva kuna nafasi ya kijana wa kusogeza magari, kuyaosha na kuyapeleka gereji. Nimezungumza na mkuu. Nitakufundisha udereva mwenyewe, jioni, wanafunzi wakishaondoka. Anakusubiri mpaka mwisho wa Machi. Shuka kwenye hiyo baiskeli ya mikate, mdogo wangu. Wewe huoni ninayoyaona mimi kutoka kwenye kiti changu. Jana tu mmoja wenu alikatisha mbele ya mwanafunzi wangu, kabeba godoro kichwani, mkono mmoja kwenye usukani, na bado akatutukana sisi! Mnapita taa nyekundu, mnapanda njia ya waenda kwa miguu, mkipigiwa honi mnajifanya hamjasikia. Ni kiburi kitupu.

Miaka mingapi nakuambia? Sikio la kufa halisikii dawa. Jibu upesi.

Dada yako


9 Februari

Dada, Mwalimu wa Madereva,

Shikamoo. Na mpe mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, nitasubiri. Umempa? Haya. Mama, mimi mzima, nakula vizuri. Shemeji mwambie kiwavi amekuwa kipepeo lakini tumbo ni lilelile.

Asante kwa kunitafutia nafasi. Nimefurahi, kweli. Ila sitakuja, usinikasirikie. Hapa kiwandani wamenipa njia ya maduka ya katikati ya mji, ambayo ndiyo njia kubwa kuliko zote. Natoka alfajiri na kreti zangu za mikate bado zinafuka. Wenye maduka wananijua kwa harufu. Ukinipa gari la kuosha, Dada, nitakufa kwa kukaa.

Nikuchekeshe kidogo. Mwaka jana mji ulituchorea njia yetu ya baiskeli, mstari mweupe, na picha ya baiskeli chini. Mwanzoni tulipita pale kama maharusi. Hatukukaa sana, likaegeshwa gari moja, mwenyewe anasema anashuka dakika moja tu. Wakafuata wenzake. Sasa mwenye duka la magodoro anaanika magodoro yake palepale, na ukimwambia anakuuliza, kwani baiskeli yako ni pana kiasi gani? Tukipanda njia ya miguu, wenye miguu wanatutukana, na wana haki, maana mwenzangu mmoja alimgonga mama mja mzito akamwaga nyanya zake zote. Tukishuka barabarani, mnatutukana ninyi. Basi tupae?

Na magari ya siku hizi yana adabu ya paka. Hulisikii likija, unashtukia tu liko ubavuni. Juzi basi limenipita hata kreti ya juu ikageuka. Lakini sijaanguka! Mwambie mama sijaanguka.

Simu nitanunua. Barua nazo zina raha yake, naweza kukusoma mara mbili.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zote pokea. Mama yuko salama, mtoto yuko salama. Nimechelewa kujibu na leo sina utani.

Nimepata ajali. Mimi sijaumia. Nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mshonaji, mtu mzima, mwoga, anashika usukani kama anakamua nguo. Ilikuwa siku yake ya kwanza barabara kubwa. Mbele yetu kulikuwa na muuza maziwa na baiskeli yake, makopo huku na huku, anakwenda katikati ya njia yetu taratibu kana kwamba barabara aliijenga baba yake. Nikamwambia mama yule, piga honi. Akapiga. Hakusogea. Nikamwambia, piga tena, atasogea. Akapiga. Hakusogea! Akapiga ya tatu. Tukamgusa. Kioo cha pembeni kilinasa kopo, akaenda chini na maziwa yake yote. Paja limevunjika.

Mwanafunzi wangu amekataa kurudi. Analia tu, anasema ameua mtu, wakati mtu yuko hai hospitali na anazungumza.

Polisi wanasubiri maelezo yangu, maana ndani ya gari lile mwenye dhamana ni mimi. Mkuu wa shule ameniita ofisini, akafunga mlango. Anataka niandike kwamba mwendesha baiskeli alikaidi honi. Nikiandika hivyo kosa ni lake, shule iko salama, mimi niko salama, na yeye atajitibu mwenyewe. Nisipoandika hivyo, basi. Kazi sina. “Funika kombe, mwalimu,” ndivyo alivyoniambia.

Na mimi naona si uongo! Alipigiwa honi. Mtaa mzima ulisikia. Mbwa walibweka. Sasa nakuuliza wewe uliye mtu wao, na unijibu kama mdogo wangu, si kama wakili wa mabaiskeli: mtu akipigiwa honi mara tatu na asisogee, hiyo ni nini kama si kiburi?

Sikai nikatulia. Nimefua mapazia yasiyo na uchafu. Nijibu haraka, nimeomba wanipe muda.

Dada yako


16 Aprili

Wewe,

Hatujambo. Mama anakuulizia kila siku, na mimi sina la kumwambia.

Nimeandika tangu mwezi uliopita, kimya. Jana nimempigia fundi saa. Kaniambia uko hapo mlangoni, unaziba pancha. Nikamsikia anakwenda kukuita. Akarudi kasema umetikisa kichwa. Umetikisa kichwa! Dada yako yuko kwenye simu, kazi inamtoka mikononi, polisi wanambana, nawe unatikisa kichwa kama mtu anayekataa chai!

Nimekukosea nini? Ni kwa sababu nimewasema waendesha baiskeli? Basi unapenda baiskeli kuliko damu yako, niambie nijue.

Mkuu ananipa wiki hii na nyingine, mwisho. Andika au usiandike.


29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua hii usimsomee mama. Tafadhali. Mwambie nimeandika kuwa niko salama na mvua ni nyingi.

Sikukataa kwa dharau. Ningefanya nini na simu, Dada? Ningeiweka sikioni na kusema haloo, haloo, kama kasuku, na wewe ungejua.

Sisikii. Ilianza na homa wakati wa mvua za mwaka jana, masikio yakatoa usaha, nikajitia dawa za mtaani, nikaona nimepona. La kushoto lilikufa kwanza. La kulia likafuata polepole. Sasa ukinipigia kelele karibu kabisa nasikia kitu kama mtu anasema ndani ya mtungi. Daktari alinipima, akaandika kwenye karatasi: ungekuja mapema. Nilimkunjia uso kana kwamba yeye ndiye aliyeniziba.

Kiwandani hawajui. Wanadhani nimekuwa mtu wa maringo, siitikii salamu. Wenye maduka wanaonyesha vidole mikate wanayotaka, kwa hiyo napita. Ungependa kujua barabarani nafanyaje. Nawatazama watu wa pembeni. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara hugeuza shingo gari kubwa likija. Shingo zao ndizo masikio yangu. Wakigeuka wote, najua nyuma yangu kuna basi, najibana. Wanapokuwa wachache, asubuhi sana, au wote wanatazama simu zao, naenda hivyohivyo, mgongo unaniwasha mpaka nifike.

Mwezi wa pili dereva mmoja alinipita, akasimama mbele yangu, akashuka, akanipiga kofi. Mdomo wake niliusoma. Alisema kiburi. Watu wakaona sawa tu. Nilikusanya mikate yangu, nikafuta mchanga, nikaipeleka. Wiki ileile ndipo nikaisoma tena barua yako na ile methali yako ya sikio la kufa. Ilinichoma, Dada. Najua hukujua.

Umeniuliza ni nini kama si kiburi. Mimi huyo muuza maziwa simjui, siwezi kumsemea. Labda anasikia kama sungura. Lakini sipendi mtu aandikwe kiburi polisi kwa sababu hakusogea.

Na mimi nina swali langu. Nimelishika kwa muda mrefu, ndiyo maana hukuona barua yangu. Siku ile uliponipandisha gari la shule, ulinionyesha kwa majivuno kwamba upande wako chini nako kuna breki. Ulisema mwanafunzi akikosea, mwalimu anasimamisha. Honi zilipigwa tatu. Wewe ulikanyaga lini?

Usimwambie mama. Na usiniambie nishuke. Nikishuka mimi nani? Kiziwi wa chumba cha kupanga.

Mdogo wako


7 Juni

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nikaichana. Mpwa wako ametengeneza ndege za karatasi mpaka amechoka.

Kwanza nilikasirika. Nilikasirika hata nikaifunga barua yako kabatini kama ni yenyewe iliyonikosea. Kisha nililia. Nimekutukana mwaka mzima kwa kutokupokea simu. Nisamehe ile methali. Na kile kiganja kilichokupiga, Mungu anisamehe mimi pia, ninavyokiwazia sina uungwana.

Mama sikumficha, na sababu ni kwamba siwezi. Nilijaribu. Nilikaa naye, nikafungua barua, nikasema: “Anasema yuko salama na mvua ni nyingi.” Akaniambia, “Endelea.” Nikasema ndiyo mwisho. Akaichukua ile karatasi, akaipapasa kwa vidole, akaigeuza, kumbe anahisi kalamu ulivyoikandamiza pande zote mbili. “Hii yote ni mvua?” Nikamsomea. Hakulia. Alisema tu mficha maradhi kifo humuumbua, akanyanyuka, akaenda jikoni akaosha vyombo nilivyokwisha kuosha.

Siku ya pili nilikwenda hospitali kumwona muuza maziwa. Nilikwenda nimejiandaa. Nilisema moyoni, nitamkuta kiziwi kama mdogo wangu, nitapiga magoti, yataisha. Nikamsalimu kwa sauti kubwa, mkono unaonyesha ishara. Akaniambia, “Mwalimu, mbona unapiga kelele? Kuna wagonjwa.”

Anasikia! Anasikia hadi tone la bomba. Nikapandwa na hasira yangu yote upya. Nikamuuliza palepale, kwa nini basi hukusogea? Akanitazama kama ananihurumia. Alisema siku ile pembeni yake, juu ya mstari wa baiskeli, maana hata huku wameuchora, kulikuwa na gari limeegeshwa, mlango wake wa mbele uko wazi nusu. Mbele ya hilo kulikuwa na jingine. “Honi niliisikia ya kwanza,” akasema. “Ya pili pia. Nilikuwa natafuta pa kwenda. Ningesogea wapi, mwalimu, juu ya paa?”

Yale magari niliyaona siku ile. Niliyaona kabisa. Ndiyo kazi yangu kuyaona.

Sasa swali lako. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki tangu honi ya kwanza. Sikukanyaga. Si kwamba nilichelewa. Nilitaka asogee. Nilichoka nao, nilikuwa nimetukanwa asubuhi ile na mwingine, nikasema huyu leo atasogea, lazima. Nilikuwa nasubiri ushindi, mdogo wangu. Wa barabara ya watu! Yule mama mshonaji alinigeukia akaniuliza, “Mwalimu, nisimame?” Nikamwambia, “Endelea, watasogea hao.” Hayo hata mume wangu sijamwambia. Wewe ndiye wa kwanza baada ya polisi. Mkuu alikuwa ameniongezea muda; wiki iliyopita nilikwenda, nikayaandika vilevile, pamoja na yale magari.

Mkuu hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono nikampa funguo. Leseni ya kufundishia wameichukua, kesi itasikilizwa, lakini matibabu ya yule mzee shule itabidi iyabebe. Yule mama mshonaji nilimfuata kwake nikamwambia kwamba hakuua mtu na hakumgonga mtu, aliyemgonga ni mimi. Alinipa kiti. Hakunipa chai, na sikuitegemea.

Nakaa nyumbani. Mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe ninapoona gari dirishani.

Nawe sasa. Umeniambia nisikwambie ushuke. Nakwambia. Shingo za watu hazikuajiriwa na wewe. Iko siku zitakuwa zimeinama. Mimi nilikuwa na macho mawili, vioo vitatu na breki ya ziada, na bado nilimwangusha mtu kwa sababu niliamini atasogea. Huko nyuma yako kuna watu kama mimi. Kila siku, wametulia, wamefunga mikanda, wanasubiri usogee. Nenda kwa mwenye kiwanda ukamwambie. Mimi nimesema langu na sijafa.

Mama anasema niandike maneno yake kama yalivyo: “Sauti yangu unayo. Hukunyanyaswa nayo utoto wako wote? Basi soma kwa hiyo. Shuka.”

Dada yako


2 Julai

Dada, mama,

Shikamooni nyote wawili. Nimesoma kwa sauti ya mama. Ilikuwa kubwa.

Sikwenda siku ile. Wala iliyofuata. Nilikwenda kazini na barua mfukoni, nikapakia kreti, nikatoka, na kila honi ambayo sikuisikia niliisikia. Nilikuwa nageuka nyuma kila mara mpaka nikagonga pipa la taka. Sikupata raha tena. Umeniharibia, Dada. Nakwambia hivi kwa hasira, usidhani nashukuru.

Basi nikamfuata mwenye kiwanda akiwa anahesabu magunia. Nikamwambia, mimi sisikii. Akasema jambo. Nikamwambia, ndiyo hilo ninalokuambia, sisikii ulichosema. Alipoelewa alinikaripia sana, mishipa ya shingo ilimsimama, na nilifurahi kidogo kwamba yale yalinipita. Kisha akachukua kalamu akaandika juu ya mfuko wa unga: tanuri, kuanzia kesho. Baiskeli akampa kijana mpya.

Nililia stoo. Sikuona aibu, hapakuwa na mtu. Nilijifuta uso kwa mikono ya unga, nikatoka mweupe kama mzimu, wenzangu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa vile nilikuwa sijui wanacheka nini. Tanuri ni moto na kazi yake inachosha. Naangalia taa ya saa, inawaka nyekundu, navuta trei. Siipendi kazi hii. Pengine nitaizoea, pengine nitakuja huko kwenu tukae wawili tusio na kazi tumchoshe mama.

Jambo moja nimalizie. Wiki iliyopita nilitoka kazini kwa miguu, nikashika ileile barabara yangu ya maduka. Magodoro yalikuwa yamejaa njia ya miguu vilevile, nikateremka kwenye mstari wetu mweupe, nikatembea pale nikiwaza. Ghafla nikapigwa begani nikaenda magotini. Baiskeli. Iliyumba ikasimama mbele yangu, kreti tupu zikamwagika. Ilikuwa baiskeli yangu, Dada. Ile kengele niliyoifunga mwenyewe kwa waya. Yule kijana mpya alikuwa ananinyooshea kidole, macho yamemtoka, na bila shaka alikuwa ameipiga hiyo kengele mpaka kidole kikamwuma. Mdomo wake niliusoma wote. “Kwa nini husogei? Kiziwi wewe?”

Watu walikuwa wamesimama wanatazama. Mwenye magodoro alikuwepo. Wauzaji wangu wa mikate walikuwepo, wale niliowadanganya kwa vidole.

Nikasimama, nikajipangusa magoti.

“Ndiyo,” nikamwambia. Nilisema kwa nguvu, maana sijui tena nguvu ya sauti yangu ni kiasi gani. “Mimi ni kiziwi.”

Mdogo wako